Mkamwana Aliyekohoa Mlangoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Mbeya, Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini
Jumatatu, tarehe 8 Septemba 1958. Yameanza kuandikwa saa kumi kasoro robo alasiri.

Jina: Yotamu Mwalwisi
Umri: Miaka sitini na moja, kwa kukadiria
Kabila na dini: Mnyakyusa, Mkristo
Kazi: Seremala, na mzee wa baraza
Makazi: Mwanjelwa, Mbeya
Anayeandika: Sajenti Muhidini Zubery

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa na mtu, nimekuja kwa miguu yangu. Kabla ya yote, Sajenti, nakuomba uandike upesi, kwa sababu sanduku la kura linafungwa saa kumi na mbili jioni, na mwanamke mliyemweka chumba cha nyuma hajapiga kura. Mmemkamata mkisema ametumia jina la mtu mwingine. Yule si mwongo. Mwongo ni mimi.

Mwanamke huyo ni mwalimu Tusajigwe, mke wa mwanangu Silvester. Anafundisha watoto wa darasa la pili. Ameolewa kwangu huu mwaka wa sita, na ana watoto wawili, wajukuu zangu. Tunakaa kiwanja kimoja, nyumba yao na yangu zinatazamana, na chakula ninachokula anakipika yeye. Uso wake sijapata kuuona.

Naona unacheka, Sajenti. Wewe umezaliwa hapa hapa Mbeya, lakini wazee wako walitoka pwani, na kwenu mzee anakaa na mke wa mwanawe wakanywa chai. Kwetu sisi hapana. Baba mkwe na mkamwana hawatazamani wala hawaongei. Tukikutana njiani yeye anaacha njia, anachuchumaa amenipa mgongo, kanga kichwani, mpaka nipite. Jina langu halitamki, hata nikiwa mbali. Kwa Kinyakyusa tunaita ukutila. Siyo chuki, ni heshima. Na heshima hiyo ina pande mbili, usisahau kuandika hilo, kwa kuwa kosa langu liko hapo. Na mimi natakiwa nimpishe yeye. Akiwa na haja ya kupita mahali nilipo, anakohoa kwanza mara mbili, kikohozi kidogo, mimi nainuka nakwenda zangu nyuma ya nyumba. Miaka yote hiyo hajapata kukohoa nikabaki nimekaa. Mpaka leo.

Mapema mwaka huu palikuwa na kuandikishwa kwa wapiga kura. Masharti mnayajua: mtu awe amemaliza darasa la nane, au awe na kipato ambacho kule Mwanjelwa wanacho wenye maduka tu, au awe na cheo. Mimi niliandikwa kwa huo uzee wa baraza, maana shule niliishia darasa la pili. Mwanangu Silvester ni dereva wa lori la mbao, la nane hakulifikia, hakuandikwa. Mkewe aliandikwa kwa cheti chake. Siku hiyo Silvester alisimama pembeni yake akamtajia jina la ukoo, kwa kuwa ndilo langu, mambo yakaisha.

Watu wa mtaa walinung'unika sana. Walisema, kodi tunatozwa wote, mbona kura wanapewa wachache? Niliinuka barazani nikawajibu. Nilisema, "Kura siyo pombe ya msibani, kila apitaye akinge kata. Lazima mtu ajulikane ni nani." Wengine walipiga makofi, nikajiona nimesema neno. Na kwa kuwa nimekuja kusema kweli, niseme na hili: iliniuma kuona mke anaandikwa na mume anaachwa, tena mume mwenyewe ni mwanangu. Sikumwambia mtu. Nililiweka moyoni likakaa.

Juzi Jumamosi asubuhi, kabla Silvester hajaondoka na lori kwenda Mafinga kupakia mbao, alinifuata karakana. Alisimama mlangoni akipapasa ubao niliokuwa napiga randa. Akasema, "Baba, keshokutwa mwalimu atakwenda kupiga kura. Najua utakuwa mle ndani. Akikohoa, nakuomba umpishe."

Nikamwambia, "Wewe ndiye unanifundisha mila?"

Akasema, "Hapana baba. Nakuomba tu, maana mimi sitakuwepo."

Nikamwambia nitatoka. Nilitamka kwa mdomo wangu, nitatoka.

Leo saa mbili asubuhi nilifika kwenye nyumba ya baraza karibu na soko, ndiyo iliyofanywa mahali pa kura. Vile vibanda vya mbao watu wanamosimama kutia alama, nilivitengeneza mimi. Msimamizi alikuwa bwana shauri kijana, ofisa wa wilaya, Mzungu mgeni, hata mwaka hajamaliza hapa. Mezani alikaa karani Crispin Kalinga, Mhehe, aliyeletwa kutoka Iringa kwa makusudi ili asiwe na ndugu wa kumpendelea. Mimi niliwekwa kiti pembeni ya karani, niwe mtambuzi wa watu wa Mwanjelwa. Kazi yenyewe ni hivi: mpiga kura anatoa hati yake, anataja jina lake kamili kwa sauti, karani anatafuta kwenye orodha, na karani akiwa na shaka ananiuliza mimi. Walinibandika utepe mwekundu kwenye koti. Kiti kilikuwa kile cha mikono, cha mwenyekiti wa baraza. Nilikaa vizuri, Sajenti. Kiti kilinipendeza.

Palikuja mtu mmoja na hati ya marehemu kaka yake. Nikamwambia, "We, huyo tulimzika wakati wa mvua, amefufuka lini?" Watu wakaangua kicheko, akaondoka mbio. Bwana shauri akaniambia, "Vizuri sana, mzee." Neno hilo lilinipanda kichwani, sikufichi. Nikavuta koti ule utepe uonekane.

Kama saa nne hivi nilisikia kikohozi mlangoni. Mara mbili. Nilikijua pale pale, kama ninavyoujua msumeno wangu ukiwa mikononi mwa mtu mwingine. Andika hapa, Sajenti: nilikijua. Sikuinuka.

SWALI: Kwa nini hukuinuka?

JIBU: Nilijiambia kwamba nikiondoka foleni itasimama, na bwana shauri ataniona mshamba. Hayo ndiyo niliyojiambia. Lakini siyo yenyewe. Niliona macho ya foleni nzima yako kwangu, nikawaza, huyu amekuja kuniondoa kitini mbele ya wenzangu, na mumewe ameachwa nje ya orodha. Hasira zikanishika. Nikasema moyoni, asubiri, atajifunza adabu. Adabu! Mimi ndiye niliyekosa adabu, nimekaa.

Akakohoa tena. Nikajifanya natazama orodha ya karani. Watu wa nyuma wakaanza kulalamika, "Mwalimu, ingia basi, jua linatuchoma." Ndipo akaingia kinyumenyume, kanga imefunika kichwa na uso, mgongo umenielekea. Mkono wake ukaja kwa nyuma ukaweka hati mezani.

Karani Kalinga akamwuliza, "Jina lako?"

"Tusajigwe."

"Na la pili?"

Akaisukuma hati mbele. Karani akasema, "Mama, taja la pili kama lilivyoandikwa."

Akajibu kwa sauti ndogo, "Siwezi. Limeandikwa hapo."

"Kwamba limeandikwa naona. Nataka nilisikie kwako. Na ufunue uso, tafadhali."

Akatikisa kichwa. Akaingiza mkono mkobani akatoa cheti chake cha darasa la nane, akakiweka juu ya hati. Alidhani kitamsaidia, maskini, kumbe ndiyo kimemmaliza. Cheti alikipata akiwa msichana kwao, kimeandikwa Tusajigwe Ambakisye, jina la baba yake. Kwenye orodha ya kura yuko Tusajigwe Mwalwisi, jina la kwangu. Karani akaona majina mawili, uso umefunikwa, na mdomo hautaki kusema. Simlaumu Kalinga. Ameambiwa awe mkali akawa mkali, na ukali wenyewe mimi niliupigia debe barazani.

Bwana shauri akasogea. Akatazama karatasi zote mbili, akanigeukia mimi. Akasema, "Mzee, unamfahamu huyu?"

Nilikuwa natazama ukuta. Nikasema, "Simfahamu."

Nilisema kwa sauti, kila mtu alisikia, na yeye alisikia. Niliona mabega yake yakishuka. Moyoni nilijitetea kwamba sikusema uongo, kwa kuwa uso wake kweli siujui. Lakini bwana shauri hakuniuliza uso.

Palikuwa na Wanyakyusa kadhaa kwenye foleni, majirani zangu, wanaomjua mwalimu kama wanavyojua njia ya kisimani. Wote waliinamisha macho. Nani atamsahihisha mzee juu ya mke wa mwanawe, mbele ya wageni? Walidhani nina jambo langu la nyumbani. Na yeye mwenyewe hakusema kitu. Hilo ndilo linalonila, Sajenti. Angesema neno moja tu, "Mwulizeni huyo mzee jana alikula ugali wa nani," ningeumbuka pale pale kitini. Hakusema. Alinistahi, mimi niliyemkana. Askari alipomwambia twende, alikwenda, na alipopita karibu na kiti changu alichuchumaa kidogo kama tunavyokutana njiani, ndipo akatoka.

Niliendelea kukaa mpaka saa saba. Watu walipita wakataja majina yao, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, namfahamu. Sikumbuki hata mmoja.

Saa saba tulipewa nafasi ya kula, nikaenda nyumbani. Mke wangu, mama Silvester, alikuwa amekaa kizingitini mwa jiko, na jiko halina moto. Mjukuu mdogo alikuwa analia ndani akimwita mama yake. Nikauliza, "Chakula kiko wapi?"

Mama Silvester akalionyesha jiko kwa kidole. Akasema, "Anayekupikia umempeleka polisi."

Nikasema, "Mimi sikumpeleka, niliulizwa tu."

Akasema, "Ukaulizwa, ukasema humjui. Sasa unataka chakula cha mtu usiyemjua? Nenda kale kiti chako."

Tangu tuoane hajawahi kuniambia neno kama hilo. Akaongeza kwamba mwalimu akishtakiwa kwa udanganyifu atafukuzwa kazi, na Silvester akirudi na lori lake nimweleze mimi mwenyewe, yeye hatanisaidia. Akaingia ndani kumbembeleza mtoto. Nilibaki uani kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

Sikurudi mezani. Niliubandua ule utepe nikautia mfukoni, huu hapa. Nilizunguka soko mara nyingi kabla ya kuingia humu. Kila nikifika getini kwenu aibu inanirudisha. Nilijiambia labda watamwachia wenyewe, labda bwana shauri ataelewa. Ndivyo mtu mwenye aibu anavyojidanganya, anataka kosa lake lirekebishwe na mwingine. Saa tisa hivi ndipo nikaingia.

Uliponiuliza shida yangu nikakwambia yule wa nyuma ni mkamwana wangu. Ukacheka. Ukasema, "Mzee, asubuhi humjui, mchana unamjua. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Unamjua kwa nini?" Nikakwambia uso siujui, mgongo naujua. Ukasema tangu uvae magwanda hujaona mtu anatambuliwa kwa kisogo, lakini tujaribu.

Ukawasimamisha wanawake uani, wamegeukia ukuta: mwalimu, wake wawili wa askari, na yule mama Mwanahawa anayeuza maandazi getini. Ukawafunika wote mablanketi ya kituo, kichwa mpaka magotini, mablanketi yanayofanana. Ndipo ukaniita. Sikusogea karibu. Nikiwa pale mlangoni nikakwambia, yule wa pili, anayeegemea mguu wa kushoto. Wa kulia unamwuma kukiwa na baridi, kwa sababu aliungua na uji akiwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Uji wenyewe ulikuwa wangu, nilikuwa naumwa. Mama Mwanahawa aligeuka akasema, "Yarabi, na bado ulimkana?"

SWALI: Umemtambuaje kwa uhakika hivyo, na unasema hujapata kumtazama?

JIBU: Mtu unayempisha kila siku utamjua tu, Afande. Namjua anavyotembea akiwa na ndoo na akiwa hana. Namjua akiwa amechoka na shule. Angekuwa binti yangu wa kumzaa, nisingemjua zaidi.

SWALI: Unafahamu kwamba kusema uongo mbele ya msimamizi wa kura ni kosa?

JIBU: Nafahamu. Andika.

Ninachokuomba ni kwamba umtoe sasa hivi, muda ungalipo, na umpe askari wa kumsindikiza, mezani wajue ni yeye. Na umpelekee maneno yangu, maana mimi mwenyewe siruhusiwi kusema naye. Mwambie hivi: mzee amesema ulitaje jina lake. Lote, kwa sauti, kama karani anavyotaka. Kama kuna laana imrudie yeye mzee aliyeileta. Mwambie na kwamba hakuna atakayemwambia neno nyumbani, na atakayemwambia atanikuta mimi.

Na mimi unifungie hicho chumba atakachotoka. Usicheke, nasema kweli. Najua hataingia kwenye ile nyumba akidhani bado niko kitini. Nikiwa ndani ya chumba chenu atakuwa na uhakika niko wapi. Asubuhi niliombwa kutoka nikakataa, sasa naomba niwekwe.

SWALI: Wewe mwenyewe umepiga kura?

JIBU: Bado. Sisi wa mezani tuliambiwa tutapiga mwisho, kabla ya kufunga.

SWALI: Ukikaa humu utaikosa.

JIBU: Nitaikosa. Nilisimama barazani nikasema lazima mtu ajulikane ni nani. Basi nimejulikana.

Niliyokuwa nayo ni hayo. Nimeyasema nikiwa na akili zangu, sikushurutishwa, na ninaweka jina langu hapa chini kwa mkono wangu.

(Sahihi) Y. Mwalwisi

MAELEZO YA OFISA

Nimeandika maneno ya shahidi kama alivyoyasema. Nilipotaka kumsomea alinizuia, akasema mkamwana wake yuko chumba cha pili anasikia, na jina lake yeye mzee limo, si heshima alisikie likisomwa. Nikampa ayasome mwenyewe. Anasoma polepole, ilituchelewesha. Hakufuta kitu.

Saa kumi na moja na dakika ishirini nilimtoa mwalimu Tusajigwe chumbani. Sikumwona na kosa. Nilimfikishia ujumbe wa mzee neno kwa neno. Aliuliza tu, "Yuko wapi?" Nikamwambia anangoja nyuma ya mlango wa ofisi, ataingia chumba hicho mwalimu akishatoka. Alijifunika kanga vizuri, akakohoa mara mbili. Nikasikia mzee anasogea, na nilipochungulia alikuwa ameupa mlango mgongo, paji la uso liko ukutani. Mwalimu akapita. Alisindikizwa na Konstebo Jaha. Shahidi aliingia chumbani mwenyewe. Mlango niliurudisha, sikuufunga kwa ufunguo.

Konstebo Jaha amerudi saa kumi na mbili na robo. Anasema walifika watu wa mwisho wakiwa bado foleni. Karani alimwuliza mwalimu jina lake. Alitazama kiti cha pembeni, kilikuwa kitupu. Karani alipotaka kumwuliza tena, ndipo akalitaja lote, kwa sauti iliyosikika mpaka nje. Akapewa karatasi yake, akatia alama, akatumbukiza, akaelekea nyumbani kwa watoto.

Kuhusu kosa la shahidi, nitapeleka jalada kwa mkubwa wangu kesho asubuhi.

Nilimpa shahidi taarifa ya Konstebo Jaha. Aliniuliza, "Alitaja na la pili?" Nikamwambia, na la pili, Mwalwisi, watu wote walisikia. Shahidi alivua koti akajifunika kichwa chote. Nimemwambia mara mbili kwamba kura zimekwisha, mlango uko wazi, na yuko huru kwenda kwake. Mpaka naandika haya hajatoka.

(Sahihi) M. Zubery, Sajenti